Nimepiga hodi nikiwa juu ya baiskeli

Jamani, nusura nimgonge mama wa watu leo, na kosa ni adabu yangu.

Mnaijua ile njia ya bustani hapa mtaani kwetu Al Khoudh, wanaotembea na wenye baiskeli wote humo humo. Leo nilikwenda peke yangu kwa mara ya kwanza. Baba alikubali kwa sharti moja: yakija malalamiko nyumbani, baiskeli inauzwa.

Mbele yangu wanawake wawili watu wazima wameijaza njia, wanazungumza Kiswahili.

Nimpigie mtu mzima kengele? Siwezi, naona haya.

Basi nikasema, "Hodi!"

Wakaitikia pamoja, "Karibu!"

Halafu wakasimama. Katikati ya njia! Wakageuka kumpokea mgeni.

Nilibana breki zote mbili nikaangukia mchangani. Gurudumu liligusa buibui la mmoja wao.

"Shikamoo," nikasema, bado niko chini.

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

Nikamtaja bibi yangu. Hata kudanganya sikuweza.

"Hee! Mjukuu wa Zuwena? Namba yake nnayo. Leo hii nampigia."

Na kweli kapiga. Bibi kaongea weee, kisha kaja mlangoni mwa chumba changu.

"Kesho tunakwenda wote bustanini. Mimi nitatembea mbele, wewe uje nyuma na baiskeli yako. Nataka nikuone utakavyoomba njia."

"Na baba je, bibi?"

"Babako nitazungumza naye tukisharudi."

Atamwambia nini, hakusema.

Nyie mngekuwa mimi, mngelala?