Machibya na Choo cha Behewa la Nne

Mimi Mpare wa Same, na kwetu hatuna desturi ya kumsifu mtu bure. Kwa hiyo nikisema kwamba katika sisi wote tunaosafisha treni ya abiria ya Mwanza hakuna anayemfikia Machibya, jueni nimepima kwanza. Ni pande la mtu, mzaliwa wa Dutwa kule Bariadi, mtoto wa wakulima wa pamba, mwenye mikono iliyoumbwa kwa ajili ya kukandamiza plau nyuma ya ng'ombe. Mikono hiyo leo inashika dekio, na mkononi mwake dekio linaonekana kama kijiko cha chai.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Treni inatembea, na sisi tunatembea ndani yake, tukiokota kila kitu ambacho abiria ameona hakimhusu tena. Maganda ya karanga, maganda ya mayai, makapi ya miwa, mbegu za tikiti, michembe, yaani viazi vikavu, iliyomshinda mtoto, na siku moja kuku aliye hai ambaye mwenyewe hakujitokeza mpaka tunafika mwisho wa safari. Kuku huyo msiniulize alikwenda wapi.

Machibya ana taratibu zake. Ndoo yake haijai hata siku moja, inaishia nusu, maana treni ikikata kona maji hayaombi ruhusa. Mimi siku yangu ya kwanza niliijaza mpaka juu ili nionekane mchapakazi, nikamwogesha katekista mmoja miguu yote miwili na viatu vyake. Machibya hakunicheka. Alinipa kitambaa, akamwomba katekista radhi kwa niaba yangu, ndipo akaenda kuchekea behewa la pili. Nilimsikia.

Vyoo ndiyo fahari yake. Sisi wengine tunasafisha choo kwa kuziba pua na kutoka mbio. Yeye anaingia, anajifungia, na nje unasikia brashi inakwangua huku yeye akiimba wimbo wa kanisani kwa Kisukuma, beti zote, hata zile ambazo kanisani kwenyewe huwa wanaziruka. Akitoka, choo kinanukia dawa na kimekauka. Halafu anasimama mlangoni anamtazama vibaya abiria wa kwanza anayeingia.

Mwanaume wa namna hii akipenda, anapendea kazini. Georgina wa Malampaka alikuwa anauza wali na samaki pale stesheni, akiupitisha kwa abiria madirishani, na makopo ya wali huo ndiyo yaliyokuwa yanajaa kwenye sakafu ya Machibya. Akamgombeza kupitia dirisha. Georgina akamjibu, tena vizuri sana. Treni ikaondoka kabla ugomvi haujaisha, ikabidi waumalizie safari ya kurudi, na safari hiyo haikutosha. Waligombana karibu mwaka mzima. Ulipoisha, walikuwa wanazungumzia mahari.

Baba yake Georgina hakuwa na neno. Idadi ya ng'ombe ilikubaliwa, wakafikishwa, na padri alikuwa tayari kusoma matangazo ya ndoa. Aliyekwamisha mambo ni mama. Mama Georgina alisema mwanaume mwenye afya ile kushika ufagio ni jambo ambalo yeye hajawahi kuliona, na hana haraka ya kuliona nyumbani kwake. Jina la Machibya hakulitaja kamwe. Alimwita "yule wa ufagio". Na Georgina alikwisha sema wazi kwamba haolewi huku mama yake amenuna. Kama mama hatakubali kabla ya Jumapili iliyopangwa, matangazo hayasomwi, na wazee wa Dutwa wanarudi kuchukua ng'ombe wao.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mimi mwenyewe nililielewa kwa kuchelewa. Usukumani, mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukimbiana. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Sasa Machibya alipokwenda kujitambulisha, mama alimfuata mpaka alipokaa, akamkazia macho, akampa mkono. Kijana alirudi kazini kama mtu aliyetoka kuzika.

"Si amekupa mkono?" nikamwambia. "Hongera!"

Akanionea huruma. "Dada Judica, mkono anapewa mtu baki."

Basi wiki hiyohiyo ya matangazo, asubuhi, Mwanza, nipo behewa la nne napanga vifaa, Machibya akanijia kwa kunyata. Mtu wa ukubwa ule akinyata, behewa zima linajua.

"Yupo," akasema.

"Nani?"

"Yeye."

Nikachungulia. Mama Georgina alikuwa amekaa katikati ya behewa, kapu la samaki kando yake, kitenge kipya, mgongo umenyooka. Alikwenda mjini kununua samaki wa biashara, na kwa kawaida hurudi kwa basi. Leo alikuwa amepanda treni, tena behewa letu. Hakuhitaji kutuambia amekuja kufanya nini.

Nilimwonea huruma Machibya, nasema kweli. Asipoingia, mama atasema mvivu. Akiingia na kupita mbele yake, atasema hana adabu. Akafikiri kidogo, akageuka, akaingia kinyumenyume. Behewa zima alilideki hivyo, akirudi nyuma hatua kwa hatua, uso ukitazama alikotoka, mgongo ukitangulia kama tela. Abiria walikuwa wanamwelekeza: "Kulia kidogo, kaka! Kuna mtoto!" Mimi nilijifanya nafuta madirisha ili nisicheke mbele za watu.

Alipofika karibu na kiti cha mama akasimama. "Dada Judica," akasema, akiutazama ukuta, "mwombe mama ainue miguu."

Mama alikuwa hatua moja tu kutoka hapo, na masikio yake ni mazima. Lakini hakuinua mguu. Alisubiri mpaka nikafika, nikamsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," nikamwambia, "Tunaomba uinue miguu." Ndipo akainua. Mimi nikakasirika kimoyomoyo, nikaona ananifanya simu ya bure.

Tulipokaribia Malampaka, ikafika saa ya kufunga vyoo. Hiyo ni kanuni: treni ikisimama stesheni choo hakitumiki, kwa hiyo sisi tunapita kabla na kufunga kwa ufunguo kwa nje. Machibya huwa hafungi kienyeji. Aligonga, akaita kwa sauti, "Hodi! Kuna mtu? Tunafunga, tunaingia stesheni!" Kimya. Akasukuma mlango kuhakikisha. Ukamgomea kidogo, lakini milango ile hukaza treni ikikata kona. Akaita tena. Kimya. Akafunga, akaenda zake behewa la tano.

Treni iliposimama, Georgina alikuwa tayari chini, anatafuta dirisha kwa dirisha. Akamwona samaki, hakumwona mama. Kapu lilikuwa pale kitini peke yake.

"Mayu yuko wapi?"

Abiria wa mbele akasema alimwona akiinuka. Wa nyuma akasema alielekea mlangoni. Kutoka hapo habari ikakua yenyewe, na kabla sijafumba macho mtu alikwisha sema mama kadondoka njiani. Georgina akapiga yowe. Machibya akaja mbio kutoka behewa la tano, amekwisha badilika rangi. Dastan, gadi wetu, ndiye anayeruhusu treni kuondoka, alikuwa anashika saa na kichwa kwa pamoja, akisema treni haiwezi kulala Malampaka.

Ndipo tukasikia kugongwa. Kulikuwa kugonga kwa heshima, taratibu, kama mtu aliyekuja kuazima chumvi kwa jirani. Kulitoka chooni.

Machibya aliutazama mlango ule, akaelewa yote. Akanitupia funguo, akafungua mlango wa upande wa pili wa behewa, ule usio na jukwaa, akaruka chini. Pande la mtu lile likachutama kando ya magurudumu, brashi mkononi.

Nikafungua. Mama Georgina akatoka polepole, anapanga kitenge chake. Baadaye tulijua kwamba hakutia komeo kwa kuogopa lisije likakwama akabaki ndani, akaushikilia mlango kwa mgongo wake. Wakati ule sikujua hilo, na hasira ilikuwa imenipanda. Nilikuwa nimekwisha dhani amekufa.

"Mama, kijana kagonga, kaita mara mbili, behewa zima limesikia! Kwa nini hukuitika?"

Akanigeukia, macho yakiwaka. "Wewe binti, kwenu hakuna adabu? Niitike nikiwa chooni, na mkwe wangu amesimama mlangoni?"

Hata mwenye mahindi ya kuchoma pale dirishani aliacha muhindi wake hewani. Georgina aliweka kiganja mdomoni. Mama naye alijisikia alichosema, nikamwona anatafuta namna ya kukirudisha.

"Nimesema..."

"Umesema, mayu," bibi mmoja wa kiti cha dirishani akamkata, "na sisi tumesikia." Akapiga kigelegele. Wenzake wakapokea, na kwenye jukwaa wakapokea watu ambao hawakujua hata kilichotokea.

Mama Georgina alishuka na hadhi yake yote. Alipofika chini akasimama, akavuta kitenge kikafunika nusu ya uso, akanielekea mimi pale mlangoni. "Mwambie aliyenifungia," akasema kwa sauti ya kufika upande wa pili wa treni, "atalipa mbuzi. Jike, tena mwenye afya."

Hapo Upare ukanipanda kichwani. Kesi sisi hatukimbii. "Mbuzi wa nini? Aligonga! Alifuata kanuni! Kosa la nani hapa? Twende kwa Dastan, twende kwa mkuu wa stesheni, mimi ni shahidi!"

"Dada Judica!" Sauti ilitoka chini ya behewa, inabembeleza. "Nyamaza! Nakuomba, dada yangu, usinitetee!"

Nikashangaa. Yule bibi wa dirishani akanivuta nguo. "Tulia, mwanangu. Mbuzi anatozwa mkwe aliyemkosea heshima mama mkwe. Mtu baki wangemwitia polisi."

Nilikwenda upande wa pili, nikachungulia chini. Machibya alikuwa amechutama pale penye mawe ya reli, mtu mzima na brashi yake, anacheka, na machozi yanamtoka. Sijawahi kumwona mtu anafurahia faini namna ile. Kwetu hata ukishinda kesi hufurahi hivyo. Nikajikuta na mimi nafuta macho kwa kitambaa cha madirisha.

"Mwambie mama," akasema, "nitaleta wawili."

Dastan alikwisha puliza filimbi. Nikakimbia kurudi mlango wa jukwaani, nikaufikisha ujumbe kama ulivyo. Mama Georgina alikwisha nipa mgongo, kapu la samaki kichwani, binti yake amemshika mkono. Hakugeuka.

"Mwambie mkwe wangu mmoja anatosha," akasema. "Wa pili waanzie maisha."