Maksai Mwenye Baka Jeupe

Mwaka 1976, kabla kiangazi hakijapamba moto Usangu, Ndalahwa alitoka hospitali akiwa na neno moja kichwani: kuzorota. Daktari alilitamka huku akimbonyeza goti, akaliandika kwenye kadi, kisha akamwita mgonjwa mwingine. Ndalahwa hakuuliza kitu. Mzee wa ng'ombe mia na ushee angeulizaje maana ya neno analolijua? Ng'ombe wa Usangu akianza kuzorota mwezi wa sita, mvua haimkuti.

Basi akajipima kwa kipimo cha zizini. Akawagawia watoto mifugo, akamwonyesha mkewe, Ngolo, mahali pa kaburi, halafu akachagua maksai wa kuchinjwa siku ya msiba, ili azikwe amefungwa katika ngozi yake kama alivyozikwa baba yake kule Usukumani. Akamchagua yule mwenye baka jeupe begani, aliyempenda kuliko wote. Tangu siku hiyo hakuthubutu kumtazama. Alikuwa na hofu, hofu ya kweli kabisa, ila kila alipojikunyata, kwa ubishi wake alisema ni baridi tu.

Ngolo ndiye aliyechoka kulia. Mwezi wa nane akamkokota mumewe hadi hospitali, akaiweka kadi mbele ya Severina, muuguzi wa Kihehe asiye na papara.

"Mwanangu, tuambie tu. Ni mwezi gani?"

"Mwezi gani wa nini, mama?"

"Wa kufa kwake."

Severina akaisoma kadi yote, mbele na nyuma. "Hapa kilichozorota ni goti. Moyo mzima, mapafu mazima. Na neno hili, baba, tunaliandika kwa kitu kinachorudi nyuma kidogo kidogo. Halisemi kitafika mwisho lini. Goti lilianza kuuma mwaka gani?"

"Mwaka tuliohama Shinyanga."

"Ni miaka mingapi sasa?"

Ndalahwa akahesabu, akarudia. "Kumi na moja."

"Na leo umetoka kwako Madibira mpaka hapa. Tafuta fimbo nzuri. Dawa hizi umeze ukishakula."

Mzee alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akamshika mkewe mkono mbele za watu, jambo ambalo Ngolo alilisimulia miaka mingi.

Walipofika nyumbani hakuingia ndani. Alikwenda zizini akichechemea, akamsugua maksai lile baka lake kwa kiganja.

"Wewe umepona leo," alimwambia. "Mimi bado naumwa goti."