Kiti Kitupu Siku ya Baleti

Harufu ya mafuta ya nazi yaliyopashwa moto hunirudisha sebuleni kwetu Rooty Hill, huku ughaibuni, chini ya picha aliyoiokota mama kando ya barabara, siku ambayo majirani walitoa nje vitu wasivyovitaka. Ilikuwa nakala ya mchoro wa zamani wa Kifaransa: wasichana wa baleti wakijiandaa kucheza, mmoja akifunga kiatu, mwenzake akifungwa utepe kiunoni. Ukiisogelea uliona madoa ya rangi tu, mithili ya ukungu. Ukirudi hadi kwenye kochi, wasichana wakaanza kupumua. Nilikuwa nikiwatazama huku mama akinisuka, mpaka usingizi unichukue.

Kwa mama, hao walikuwa wasichana wa harusi. "Ona, wanawavalisha, wataingia na bibi harusi," alisema, maana kwao Bukavu wasichana hutangulia maharusi wakicheza. Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba ile ni baleti.

"Haya, harusi ya Wazungu," akacheka.

Msinicheke: picha ile ilinitia wazimu hadi nikajiunga na darasa la baleti. Siku ya onyesho letu la kwanza nilitaka kitu kimoja tu, mama anione. Alifika nyuma ya jukwaa mbio, moja kwa moja kutoka ghalani Wetherill Park, na kizibao chake cha njano cha kazini, pini mdomoni. Akanibana nywele. Kisha, kwa kuwa kwao mtu havalishi mtoto mmoja akawaacha wengine, akawafunga tepe wasichana wote. Mama zao walibaki wameduwaa.

Tulipoingia jukwaani nilimtafuta kwenye viti. Chake kilikuwa kitupu. Nilicheza nikikikodolea macho, taa zikiyeyuka kwenye machozi, na ndani ya treni nilinuna hadi nyumbani. Mama alidhani nimechoka.

Juzi tu, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, ndipo nilipomuuliza alikwenda wapi siku ile. Alinishangaa. Kwao, aliyewavalisha wasichana haendi kukaa na wageni. Husimama mlangoni, pini mkononi, mpaka ngoma iishe, asije mtoto akafunguka utepe mbele za watu.

"Nilikuwa pale nyuma ya pazia," akasema. "Mgongo yako yote niliiona. Kwani ulikuwa unatafuta nani huko mbele?"

Nilikuwa namtafuta yeye.