Dativa na Udongo wa Antaktika

Baba yake Dativa alizikwa Bukoba wakati yeye yuko Antaktika, akichota udongo wa jangwa la baridi kali, na ndege ya kumtoa huko haikuwepo. Aliporudi Stockholm, alikofanya kazi, aibu ilimfunga mdomo. Akajichimbia maabarani, akitafuta kwenye udongo ule mabaki ya viumbe walioishi zamani. Siku alipoyapata, wenzake walimpigia makofi. Yeye alitoka nje, akampigia mama yake simu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

“Nisamehe, Mama. Niliogopa hata kuisikia sauti yako.”

“Kaburi hatujalijengea, mwanangu,” mama alisema. “Tulisema na wewe uje kwanza uweke udongo wako.”

Dativa alilia pale pale barazani, kisha akarudi ndani kuomba likizo.