Barua Yenye Salamu Nyingi

Nilipoanza kutafuta nafasi ya uzamivu Ulaya nilikuwa na umri ambao wenzangu walikuwa wakitafuta wakwe. Nilifundisha baiolojia katika sekondari moja huko Zinga, na kwa miaka mingi nilikuwa nimewaambia watu kwamba nitasoma zaidi, mpaka wakaacha kuniuliza. Nilitaka kuchunguza jinsi mikoko inavyoota upya baada ya kukatwa. Ada sikuwa nayo. Nikaja kugundua, kwa kuchelewa kama kawaida yangu, kwamba kule nafasi nyingi za uzamivu ni ajira: zinatangazwa kama kazi ya udereva, na mshahara juu.

Basi nikawaandikia maprofesa. Hakuna aliyejibu. Nililaumu umri wangu, nikalaumu mtandao, siku moja nikalaumu hata baridi yao.

Tangazo moja la mikoko lilikuwa linafungwa Ijumaa. Mkuu wa shule alikuwa ameshaniambia kwamba ruhusa ya masomo, kwa mtu wa umri wangu, ni mwaka huu au basi. Jumatano nikapeleka barua yangu ikaskaniwe Bagamoyo mjini, kwa mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya shule na ofisi. Husoma kila kinachopita kwenye mashine yake, wala hafichi.

"Mwalimu," akasema, "nimefika ukurasa wa pili, bado hujasema unataka nini."

Nikamweleza kwamba nilikuwa naelekea huko. Nilikuwa nimeanza kwa kumjulia profesa hali, yeye na familia yake, nikamwombea afya, nikamtaka radhi kwa usumbufu, kisha nikakiri kwamba sistahili. Kwetu pwani mtu hatoi shida yake kabla hajaketi.

"Mteja akinisalimia hivi, najua anarudisha kitu alichokwisha kukitumia."

Akanipa kalamu. Tukakata, yeye akionyesha kwa kidole, mpaka ikabaki nusu ukurasa: nimefanya nini, nataka kuchunguza nini, kwa nini kwake. Nilipotaka kuondoa na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, inayothibitisha kwamba mimi ni mkazi mwenye tabia njema, akanizuia. Karatasi yenye mhuri, alisema, haitupwi.

Profesa alijibu baada ya wiki mbili. Kwenye usaili wa video aliniuliza mengi kuhusu mikoko, halafu, akitabasamu, akataka kujua mhuri ule ni wa nini. Nikamjibu kwamba nikienda kuchunguza mikoko ya Saadani, pwani yetu hiyo hiyo, hakuna atakayenionyesha mkoko hata mmoja kabla sijapita ofisi ya kijiji na karatasi ya namna hiyo. Akaacha kutabasamu, akaandika.

Siku niliyopata jibu la kukubaliwa nilikwenda moja kwa moja dukani, nusura nikimbie. Sijui watu wengine humshukuru vipi mtu aliyewafungulia njia kwa kalamu ya dukani kwake. Mimi nilisimama mlangoni nikasema, "Nimepata."

Akavua miwani, akanitazama.

"Mwalimu. Hata shikamoo?"

Nikampa shikamoo yake. Nikaulizia wajukuu, nikaulizia mgongo wake, nikaulizia na mashine. Akaitikia kimoja kimoja, bila haraka, huku akinivutia kiti.

"Haya, keti," akasema. "Umepata nini?"