Aliyechora Mistari ya Uwanja

Kuna Ijumaa moja naikumbuka vizuri kuliko ile niliyofunga harusi, mwanangu, na mke wangu asisikie. Ilikuwa Doha, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, nami nilikuwa mlinzi wa hoteli, kijana wa Voi mwenye mbio na maringo. Timu yetu ya mtaa wa Muaither ilikuwa ya walinzi na madereva, Wakenya, Waganda na Watanzania. Tulicheza Ijumaa asubuhi mapema, tumalize kabla ndugu zetu Waislamu hawajaenda msikitini na sisi wengine hatujapanda basi la kanisani Mesaimeer. Mimi ndiye niliyekuwa kepteni, na usiulize nilivyojiona.

Mwaka ule timu ilitimiza miaka kumi. Wenzangu wakaniagiza niandike historia yake, isomwe Ijumaa kabla ya mechi. Sikuwa nimewahi kuandika historia ya kitu chochote. Bosi wa mafundi pale hotelini, mzee Mskoti tuliyemwita Mista Gordon, akaniazima kijitabu cha historia ya klabu ya kwao. Mji wao ni mdogo, alisema, una mtaa mkuu mmoja, kiwanda kimoja cha nguo za sufu, na mvua. Klabu ilianzishwa na wafanyakazi wa kile kiwanda, ikashuka daraja mara nyingi kuliko ilivyopanda, na katika umri wake wote ilichukua kombe moja tu. Nilikisoma kwenye kibanda cha getini. Kurasa za lile kombe nilizisoma kwa makini, zingine nikazipitia juu juu.

Halafu nikaandika ya kwetu. Kurasa nne, mwanangu, na goli langu la fainali peke yake lilikula ukurasa mzima, pamoja na hali ya upepo.

Sasa, alikuwepo Mzee Makame, Mzanzibari, dereva wa familia moja ya Al Rayyan. Goti lake lilikuwa bovu, hakuwahi kutuchezea hata dakika moja. Lakini yeye ndiye aliyekiona kile kiwanja kilipokuwa mawe matupu, akayaokota. Na kila Ijumaa baada ya sala ya alfajiri alifunga kitanda cha chuma nyuma ya pikapu, akakiburuta huku na huku mpaka ardhi ikasawazika, kisha akachora mistari kwa chokaa. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, na Ijumaa hiyohiyo jioni alikuwa anarudi kwao Makunduchi moja kwa moja. Akaniomba nakala.

"Kepteni, nikawasomee wajukuu," alisema. "Kule wanajua nilikuwa naendesha gari tu. Hawaamini kwamba nilikuwa na timu."

Alhamisi mchana nikampelekea, nikidhani nimemtendea wema. Akaikunja, akaiweka ndani ya pasipoti.

Alasiri nikamsomea Mista Gordon, nikimtafsiria kwa Kiingereza na kungojea sifa. Alisikiliza mpaka mwisho, chai yake ikapoa. Akauliza, "Mistari ilichorwa na nani?"

Nikamwambia ni mzee mmoja dereva, ila huyo hachezi.

Akakifungua kijitabu ukurasa wa kwanza kabisa, ule niliouruka. Hapakuwa na kombe. Palikuwa na picha ya mama mmoja mnene amebeba beseni la jezi. Mista Gordon akasema alizifua tangu akiwa msichana hadi alipozeeka. "Kombe letu lilipotea zamani, hatujui liko wapi. Yeye tunajua amelala wapi, na kila msimu ukianza timu nzima inapita kaburini kwake kwanza, ndipo iende uwanjani." Akanirudishia karatasi zangu, akaenda kazini. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nikaiwaza ile nakala ndani ya pasipoti. Wajukuu wamekaa, mzee amevaa miwani, anasoma kurasa nne na jina lake halimo hata mara moja. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Jioni hiyo nikaketi, nikaandika upya.

Ijumaa nilifika uwanjani kabla ya wenzangu ili niichukue ile ya kwanza kabla hajaisoma. Nikamkuta. Siku yake ya mwisho Qatar, masanduku yamefungwa, naye anaburuta kitanda.

"Mzee wangu, naomba ile karatasi," nikasema. "Ina makosa."

Akazima gari. "Nishaisoma," akasema taratibu. "Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza n'lidhani nimeruka ukurasa."

Nikamuuliza mbona basi amekuja.

"Si kuna mechi?"

Nimefokewa na mabosi wengi maishani, mwanangu, lakini hakuna aliyenichoma kama yeye kwa swali lile.

Timu ilipokusanyika nikasoma ile mpya. Ilianza hivi: Klabu yetu ilianzishwa na Makame, dereva, aliyeokota mawe. Vijana wakapiga makofi na miluzi. Mzee Makame akainua mkono, nikadhani anataka kushukuru.

"Sahihisha hapo kwenye kitanda," akasema. "Si changu kile. Alinipa Okello, yule mpishi wa kambi aliyerudi kwao Gulu. Muandike na yeye."

Nikaiweka karatasi gotini, nikamwandika Okello, timu nzima ikiningoja. Tukacheza, tukafungwa mbili bila, na sijawahi kuondoka uwanjani nimeridhika vile. Goli langu? Lilibaki mstari mmoja, na naona ulitosha.

Basi sikiliza, wewe unayependa kusimulia ulivyofika ulipofika. Kabla hujajitaja, tafuta aliyesawazisha mahali unapokimbilia, umtaje yeye kwanza. Ukishamtaja, muulize naye ni nani umemsahau, maana atakuwa na Okello wake. Na mtu akinyamaza, usidhani hakuona. Huenda ameshaisoma mara mbili, na bado amekuja kukuandalia uwanja.

Mungu akupe magoli mengi, mwanangu, na akupe kumbukumbu iliyo pana kuliko magoli yako. Na siku goti lako litakapochoka kama langu, akuwekee mtu wa kulitaja jina lako mapema, ukiwa bado umesimama pale unamsikia.