Pete Ishirini na Tatu

Simu ilipolia Jumanne asubuhi, Mama Pete alikuwa ameshika kinda wa siku saba kwenye kiganja cha kushoto. Vidole vitatu vya mbele vilikuwa vimekwisha kupita kwenye pete, cha nyuma bado. Ukimwachia hapo, mguu unateguka. Kwa hiyo aliiacha simu ilie. Alikivuta kidole cha nyuma kwa njiti ya kiberiti, pete ikateremka ikakaa, kinda akamnyea mkononi kama wanavyofanya wote, ndipo akapokea.

"Hallo? Hapa kuna ndege," ilisema sauti ya mwanamke. "Namba hii nimeikuta imegongwa chini ya bawa lake. Mimi ni nesi, nipo zahanati. Amekaa juu ya meza ya dawa, hataki kutoka."

"Ana pete mguuni. Nisomee."

"Ngoja nimwite mwenye macho."

Kila njiwa wa mashindano wa chama cha wafugaji wa pale mjini alikuwa na alama mbili, na zote mbili zilipita mikononi mwa Mama Pete. Ya kwanza ni pete ya aluminiamu isiyo na mwanya, yenye herufi za chama, mwaka na namba. Huvishwa siku ya saba. Ukiwahi, inachomoka, ukichelewa mpaka siku ya kumi, mguu umekwisha kataa, na ndege huyo hatavaa pete maisha yake yote. Ya pili ni muhuri wa wino chini ya bawa, namba ya simu ya Mama Pete mwenyewe, unaogongwa upya kila mwaka manyoya ya zamani yakishapukutika. Muhuri humwambia aliyeokota ndege apige wapi. Pete humwambia Mama Pete afungue ukurasa gani wa daftari.

Mtaani walisema amevisha pete nyingi kuliko sheikh na padri wakijumlishwa, na kwamba ndoa zake ndizo pekee zinazodumu.

Ndege wa zahanati alikuwa wa Kinyozi, bingwa wa chama kwa miaka mitatu mfululizo. Mama Pete alimpigia akiwa kazini. Mashine ya kunyolea ilisikika ikinguruma.

"Mama Pete, shikamoo."

"Marahaba. Dume wako wa kijivu kapatikana, mzima. Yuko zahanati."

"Zahanati? Kaenda kupima nini?" Wateja wakacheka. Alikuwa ameiweka simu kwenye spika.

"Nesi anauliza nani atamfuata."

"Mwambie ambandike jikoni."

"Baba, mwenzako anangoja jibu la maana."

"Si ndilo hilo? Njiwa anayerudi kwa boksi si njiwa, ni kuku. Nikimrudisha bandani atanizalia vipofu."

Mama Pete alikata simu, akampigia nesi. "Mwenyewe amefurahi mno," alisema. "Anakushukuru sana. Mtie kwenye boksi, litoboe matundu, mkabidhi dereva wa basi la mchana. Nitampokea mimi."

Uongo huo alikuwa ameusema mara nyingi mpaka sauti yake haikuyumba tena. Daftari lilikuwa na ndege mia mbili na kumi na wawili waliopigiwa simu katika miaka kumi na mmoja. Waliofuatwa na wenyewe walikuwa tisa.

Mumewe ndiye aliyeuanzisha mpango huo wa pete na muhuri. Kabla yake, njiwa aliyepotea alikuwa kitoweo cha aliyemwokota. Yeye aliwashawishi wafugaji kwamba kitu chenye alama hakipotei, na kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vinene kama mihogo, kazi ya kuvisha alimwachia mkewe. Enzi zake aliwafuata waliopotea kwa baiskeli na kuwapeleka mpaka milangoni mwa wenyewe. Walimpokea kwa asante nyingi. Alipofariki, miaka mitano iliyopita, Kinyozi alimsifu mbele ya mjane wake bila nia mbaya yoyote: "Marehemu alikuwa mtu wa watu. Hata kama ndege hatumtaki, tulimngoja apinde kona kwanza ndipo tunyonge."

Tangu siku hiyo Mama Pete hakumrudisha ndege yeyote ambaye mwenyewe hakumtaka. Aliwaweka kwake, kwenye roshani ya nyuma ya vyumba viwili vya ghorofani. Dume wa zahanati aliposhushwa kwenye basi jioni ile, ukitoa waliokufa kwa uzee au kuchukuliwa na mwewe, walitimia ishirini na watatu.

Nyumba haikuwa yake. Ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekaa chini na mkewe. Saa moja usiku shemeji alipanda ngazi akiwa na bahasha ya hospitali.

"Shemeji, upo?"

"Nipo. Karibu ukae."

Hakukaa. "Soma mwenyewe. Daktari anasema ni vumbi la kinyesi cha ndege. Limeingia kifuani."

Mama Pete alisoma mpaka mwisho. Huko chini mke wa shemeji alikuwa akikohoa, kikohozi kirefu kisichotoa kitu.

"Mimi si mtu mbaya," alisema shemeji.

"Najua."

"Ningekuwa mbaya ningewatia sumu zamani. Lakini mwenzangu halali, shemeji. Anakohoa mpaka vikombe vinalia kabatini."

"Nikibaki na wawili?"

"Wawili huzaa." Alikunja bahasha. "Ijumaa jua likizama nisione hata unyoya. Nikiona, itabidi uchague, ndege au vyumba. Na kaka yangu anisamehe huko aliko."

Mama Pete hakuwa na pengine pa kwenda. Nyumba ya wazazi wake iliuzwa, mtoto hakujaliwa, na dada yake alilala na wajukuu wanne katika chumba kimoja. Alijua pia kwamba shemeji alikuwa na haki. Mtu mwenye haki humwezi hata kwa ugomvi.

Jumatano alikwenda kwenye mkutano wa chama na daftari lake, akasimama, akasoma namba moja moja na jina la mwenye ndege. Akawaomba kila mtu achukue wake.

"Mama Pete," alisema Kinyozi, "sisi hawa tumeshawapa talaka. Sasa unataka tuwarejee kwa nguvu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti, mtu mpole, alifungua kanuni na kuzipitisha kidole. "Kanuni inasema mwenye ndege aarifiwe. Haisemi lazima amchukue. Uliiandika wewe na marehemu, mama."

"Niliiandika mimi," alisema. "Haikunijia kwamba hilo la pili linahitaji kuandikwa."

Kuwanyonga hakuweza. Kuwagawa kwa majirani ni kuwapeleka sufuriani. Likabaki moja: awapeleke mbali, awaachie. Kiwanda cha kusaga nafaka kilikuwa na lori lililokwenda kila Ijumaa alfajiri kwenye mji ulio kilomita mia moja, ambako kulikuwa na maghala na njiwa wa porini maelfu. Hawa wangejichanganya humo na kula nafaka za kumwagika. Kurudi hawangeweza, kwa kuwa wote walikuwa ndege waliokwisha shindwa kurudi. Hilo lilikuwa limethibitishwa na chama kizima.

Lakini wakienda na pete na muhuri, kuna mtu angewaokota. Angepiga simu. Na maboksi yangerudi kwa basi la mchana, moja baada ya jingine, mpaka mlangoni kwa shemeji.

Kwa hiyo Alhamisi mchana alikaa kwenye kigoda pale roshani na koleo la kukatia waya. Aliwashika kama alivyowashika siku zote, miguu katikati ya vidole viwili, mabawa yamefungwa na kiganja. Aluminiamu ilikatika kwa mlio mdogo, kama kuvunja punje ya mchele kwa jino. Chini ya kila pete ngozi ilikuwa nyeupe na laini, mahali ambapo hapakuwahi kuona jua tangu siku ya saba. Kisha akachovya kitambaa kwenye wino uleule wa muhuri na kuipaka namba yake, bawa baada ya bawa, mpaka haisomeki. Alimaliza saa kumi. Pete ishirini na tatu alizitia kwenye kopo la majani ya chai. Hakulia. Alinawa mikono mara tatu, na wino haukutoka.

Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi, nje ya maghala, alifungua makreti. Dereva wa lori aliegemea mlango akipiga mswaki.

"Hawaagi?" aliuliza.

Walipaa pamoja, wakazunguka mara moja, mara ya pili, wakapita nyuma ya paa kubwa wasionekane tena. Mama Pete aliwangojea watue kati ya wale wa porini. Hakuona hata mmoja aliyetua. Akajisemea wametua upande wa pili.

Lori lilimshusha nyumbani saa saba. Dereva ndiye aliyeona kwanza. Akapiga mluzi. "Mama, kumbe wamepanda gari la haraka kuliko letu."

Walikuwa wamejipanga kwenye ukingo wa roshani, wakijichambua manyoya. Alihesabu ishirini na wawili. Aliyekosekana alikuwa yule dume wa zahanati, ambaye hakuwa amekaa pale hata siku nne. Huyo alikuwa amepotea kweli safari hii, mguu mtupu, bawa limefutwa, na popote atakapotua hapakuwa na wa kumpigia simu.

Shemeji alikuwa uani. "Uliniambia unawapeleka mbali."

"Nimewapeleka, shemeji. Muulize dereva."

"Umewapeleka wapi, sokoni na kurudi? Saa nne kasoro dakika kumi wa kwanza alikuwa hapa. Mke wangu alitazama saa."

Mama Pete alikaa kwenye ngazi ya chini. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kiasi kwamba hata mgeni wa njiwa angelijua. Njiwa hurudi anapokula na kulala. Hawa walikuwa wamekula na kulala kwake mwaka, wengine miaka mitatu, na kila jioni aliwafungulia wakazunguka paa. Miaka yote aliwaona wenye ndege kuwa watu wasio na huruma, na huku neno lao alilimeza zima: kwamba hawa ni wajinga, kwamba hawajui njia. Alikuwa amekataa kuwaua kwa sababu hiyo. Hakuwahi kuikataa sababu yenyewe.

Maneno ya dereva yalimfikia Kinyozi kabla ya saa tisa. Alikuja mwenyewe, aproni bado ina nywele za mteja, mkononi ana kikapu kipya chenye kifuniko. Alipanda ngazi mbilimbili.

"Uliwaachia saa ngapi?"

"Mbili na nusu. Wa kwanza alifika saa nne kasoro dakika kumi."

Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. "Dakika themanini. Kilomita mia kwa dakika themanini! Mama Pete, wangu wa mashindano hawajawahi." Macho yake yalitembea ukingoni, yakasimama kwa jike wa bluu mwenye unyoya mmoja mweupe begani. "Huyu wangu. Huyu nilimzalisha mimi. Namchukua."

"Mchukue."

Alimshika kwa ustadi, hilo halikatai mtu, akamgeuza kutazama namba. Akautazama mguu wa pili. Akarudi wa kwanza.

"Pete iko wapi?"

Mama Pete alimletea kopo. Kinyozi alichomoa pete moja iliyopasuka, akazibana ncha kwa kucha, zikakataa kukutana.

"Haiungiki?"

"Ukiiunga itaonekana. Mlipiga kura wenyewe. Pete iliyoguswa, ndege hashindani."

"Mvishe nyingine."

"Ana miaka miwili, baba. Siku ya saba ilishapita."

Kinyozi alikaa na yule jike mkononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Jike hakuhangaika. "Umeharibu mali, Mama Pete," alisema mwishowe, na hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesikitika kwenye msiba wa mwenzake.

"Mali ya nani? Juzi haikuwa na mwenyewe."

Kinyozi aliirudisha pete koponi.

"Mchukue hata wa kufuga tu," alisema Mama Pete. "Mmoja. Umeona mwenyewe anajua njia."

"Banda langu halina nafasi ya wa kutazama." Alimrudisha ukingoni taratibu, akakung'uta aproni, akachukua kikapu chake. Jioni ile wengine wawili walifika mpaka getini, wakasikia habari ya pete, wakageuza baiskeli.

Saa kumi na moja na nusu shemeji alipanda. Alikuwa amevaa shati kuukuu na hakumtazama machoni.

"Umeamua nini?"

Ndani kulikuwa na kitanda, kabati, meza ya daftari, picha ya marehemu. Mama Pete alikuwa na miaka sitini na moja na hakuwa na mlango mwingine duniani ambao angeubisha usiku ule na kufunguliwa.

"Vyumba," alisema.

Shemeji alivuta pumzi. "Basi nenda ukae na mwenzangu chini. Mimi nitamaliza. Nitakuita."

Alinyoosha mkono kwa yule wa karibu, akamkamata bawa moja, lile jingine likampiga usoni, manyoya yakaruka.

"Siyo hivyo," alisema Mama Pete. "Unamuumiza."

"Shemeji, nenda chini."

Hakwenda. Alimtwaa yule ndege, akamtuliza kifuani mpaka moyo wake mdogo ukapunguza mbio, akaweka miguu katikati ya vidole viwili na kuyafunga mabawa kwa kiganja, kisha akampa. Akageukia ukingoni na kunyoosha mkono kwa mwingine. Kazi haikuchukua muda mrefu. Waliobaki hawakuruka, kila aliponyoosha mkono walidhani ana mtama.